Sauti ya Kamande Katika Filamu za Krismasi

Ukitaka kumwona Waithera akikasirika, ingia katika duka lake la filamu pale Bondeni mwezi wa Desemba, umpe flashi yako na kumwambia, "Niwekee tu chochote cha Krismasi." Chochote! Atakuangalia kutoka kichwani hadi viatuni. Chochote utaletewa na upepo, atakuambia, na hapo hakosei, maana mwezi huo upepo huteremka kutoka Menengai na kumwaga vumbi Nakuru nzima bila kuulizwa na mtu. Yeye hutazama filamu kwanza, mpaka mwisho, ndipo aseme "beba" ama "acha", na akishasema amesema.

Na zilimchosha, msidhani vingine. Filamu za sikukuu zote ni mtu na dadake. Msichana ana kazi kubwa mjini, anarudi kwao, theluji inaanguka, anakutana na kijana anayepasua kuni na ambaye hana shida nyingine duniani, wanagombana kidogo, wanabusiana, kengele zinalia, kwisha. Waithera alisonya tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini alimaliza, kwa sababu alikuwa na kipimo chake, na hicho kipimo hakikuhusu uzuri. Alitaka kujua kama watu wa nyumba moja wakiitazama pamoja watasemezana. Kuna filamu nzuri ajabu inayowakalisha watu kimya kama wanaongoja daktari; hiyo ni ya kuacha. Na kuna upuuzi mtupu ambao baba ataupinga, shangazi atautetea, na mtoto atauliza swali lisilo na adabu. Huo unabebwa, tena mbio.

"Na sisi je?" Ruqaiya alimuuliza. Huyo ni jirani yake, muuza mitandio upande wa pili wa barabara. "Krismasi si yetu, lakini shule zimefungwa na hawa watoto wamenimaliza."

"Mama Musab, hapo kwa makanisa mtaruka. Kuna moja ya nyanya aliyepotelewa na mbwa. Beba. Mtagombana juu ya huyo mbwa mpaka Januari."

Filamu pekee alizokataa kuzisemea ni zile zenye sauti ya marehemu mumewe. Kamande alikuwa na kazi ambayo ukimweleza mtu wa mbali hakuelewi. Alichukua sinema ya Kizungu, akaweka sauti yake juu yake, akawaeleza watu kwa Kiswahili cha hapa mjini nani anampenda nani na nani ni mwongo. Wahusika wote aliwabatiza upya. Kijana wa kuni alikuwa Wasike kila mwaka. Msichana wa mjini alikuwa Natalie, na mama mkwe, awe mwema au mbaya, alipewa jina la mama fulani wa kanisani ambaye sitamtaja hapa. Watu hawakununua filamu, walinunua Kamande. Halafu kifua kikamshika, na mwezi wa Aprili kikamchukua.

Desemba ilipofika, vijana wakaja kama kawaida. "Niaje, mathe, ile ya Kamande iko?" waliuliza, kana kwamba jamaa ameenda Naivasha tu na atarudi jioni. Waithera aliwawekea bila kuifungua. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu mazishi, na hakuwa na haraka ya kuisikia.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kitu kingine. Binti yao, Nyakio, wa gredi ya pili, hakuwa amemsemesha mama yake tangu wamzike baba yake kule shambani Keringet. Shuleni alisoma kwa sauti na mwalimu akasema hana shida yoyote. Nyumbani alitikisa kichwa, alinyoosha kidole, alivuta rinda la mama yake, basi. Waithera alimbembeleza, akamgombeza, akamnunulia viatu vyenye taa, akaomba. Woga wake ulikuwa huu: kwamba mwaka ukiisha hivyo, mtoto atazoea, na hatamwita mami tena maishani. Hakutaka kingine Krismasi hiyo.

Sasa, shule zilipofungwa, Nyakio akawa anashinda dukani, nyuma ya rafu, na vidoli vyake. Alasiri moja mteja akarudisha flashi akilalamika kwamba Kamande anakwamakwama. Hapo hapana njia, ilibidi Waithera aicheze. Akabonyeza, akageuza uso kando.

"Haya, Natalie huyo amefika kwao," Kamande akasema, kwa ile sauti nzito yenye kicheko chini yake. "Unafikiri Wasike atamkumbuka?"

Kimya. Kwenye kioo theluji ilikuwa ikianguka.

"Hatamkumbuka," Nyakio akasema nyuma ya rafu.

"Eti hatamkumbuka!" Kamande akacheka. "Na kwa nini?"

"Kwa sababu amekata nywele."

"Nywele! Haki umenena. Hata mimi nilikuwa nimepotea."

Jamani! Waithera akageuka kukitazama kioo. Akasikiliza tena, akidhani masikio yanamchezea, lakini hapana: mwanamume aliyemwona kwa macho yake akizikwa alikuwa anauliza, mtoto wake anajibu, na mwanamume anakubali, anapinga, anacheka pale pale panapostahili. Akaizima. Nyakio akatoka nyuma ya rafu akamtazama.

"Umemkata Baba," akasema.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia mama yake tangu Aprili.

Zile nafasi za kimya Waithera alizijua zamani. Siku zote alidhani ni kifua, mume wake anatafuta pumzi. Wateja nao walidhani hivyo, na kuna mzee aliyekuwa akimletea Kamande tangawizi kwa huruma. Kumbe kimya kile kilikuwa na kipimo, na sauti ya mtoto iliingia ndani yake pasipo kubaki hata tundu la sindano.

Ruqaiya alipoelezwa aliteremsha sauti, ingawa dukani hapakuwa na mtu. "Mama Nyakio, hiyo usiichezee. Aliyeenda ameenda. Futa kila kitu." Akina mama wa kanisani walisema hivyo hivyo, ila wao walipiga kelele zaidi, na mmoja alitaka kuja na mafuta ya kupaka mlango.

Hakufuta. Wewe ungefuta? Mtoto aliyekuwa jiwe sasa anaongea, anacheka, anambishia Wasike. Waithera alimwekea baba yake kila alasiri, akakaa mbali karibu na mlango, akasikiliza. Aliona wivu pia, tuseme ukweli. Filamu ikiisha, Nyakio alifunga mdomo na kurudi kwa vidoli vyake, na kwa mama yake halikubaki hata neno moja.

Kisha mambo yakaharibika. Musab, mtoto wa Ruqaiya, alikuja kucheza akaondoka mbio, na tangu hapo akakataa kuvuka barabara. Alipoulizwa alisema Nyakio amemwambia baba yake yuko kazini mle ndani na hataki kelele. Mle ndani ni kichumba cha nyuma alimorekodia Kamande, kuta zimepigiliwa magodoro makuukuu na trei za mayai ili sauti ya mtaa isiingie. Waithera alipomwambia mtoto wajitayarishe, wanaenda Keringet kwa nyanya kula Krismasi kama kila mwaka, Nyakio alikimbilia kichumba hicho akashika kitasa kwa mikono miwili. Kumbandua ilikuwa vita.

Siku iliyofuata Waithera akamsikia mle ndani akiongea. Akauliza kitu kwa sauti ndogo, akanyamaza, kisha akacheka kwa furaha kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akauliza kingine. Akanyamaza. Akasema, "Sawa, Baba." Waithera akafungua mlango ghafla. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Aliigusa, ilikuwa baridi kama sufuria ya asubuhi.

Hapo akakata shauri. Afadhali mtoto bubu aliye wangu, alijisemea, kuliko mtoto anayenihama nikimtazama. Akampeleka Nyakio kwa Ruqaiya, akajifungia kichumbani na kufungua kompyuta ya Kamande afute kila filamu. Upepo ulikuwa unayapiga mabati, lakini magodoro yalifanya usikike kama uko mtaa mwingine. Ila huyu ni Waithera. Hata kufuta hakuweza kufuta kitu bila kukitazama. Akafungua faili ya kwanza, ile Kamande aliyokuwa akiifanyia kazi kabla ya kuitengeneza ya kuuza.

"Unafikiri Wasike atamkumbuka?"

"Hatamkumbuka!" kikasema kisauti cha mtoto, ndani ya kompyuta.

"Eti hatamkumbuka! Na kwa nini?"

"Kwa sababu amekata nywele."

Ngai! Waithera akaziba mdomo. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kila Kamande alipofanya kazi, Nyakio alikuwa mapajani pake, na baba yake alizungumza naye, kwa sababu mtu hawezi kusimulia vizuri akiongea na ukuta. Halafu akaikata sauti ya mtoto, maana mteja hataki kelele za watoto, akaziacha zile nafasi wazi. Nyakio hakuwa anaongea na mzimu wowote. Alikuwa anarudia aliyoyasema, anayakumbuka yote, na hata kompyuta ikizimwa aliweza kuyasikia. Waithera akacheka akilia, akalia akicheka, akajiita mjinga kwa Kikuyu na kwa Kiswahili.

Akavuka barabara akamchukua mtoto. "Njoo," alisema. "Njoo utazame na mimi." Akaketi kwenye kiti cha Kamande, Nyakio akasimama kando, na kwa sababu alitaka kitu ambacho wateja hawajakichosha, akafungua faili ya mwisho kabisa. Hiyo haikuwa imeuzwa. Kamande aliifanya kwa shida, akiwa karibu kulazwa.

Msichana, theluji, kuni. Sauti ilikuwa imekonda lakini ni yake.

"Haya, Natalie anatetemeka," Kamande akasema. "Unaona huko ni baridi kuliko Keringet?"

Kimya. Waithera akangoja kisauti kitoke kwenye kompyuta. Hakikutoka.

"Keringet ni baridi zaidi," Nyakio akajibu, yeye mwenyewe, hapo alipo.

"Eee, Keringet imezidi," Kamande akakubali. "Wanakupa maziwa lakini?"

"Wananipa."

"Vizuri."

Ndipo Waithera akakumbuka. Wiki zile mtoto hakuwepo Nakuru. Walikuwa wamempeleka Keringet kwa nyanya yake ili asione ugonjwa. Hakuna aliyeketi mapajani pa Kamande siku hiyo. Aliketi peke yake humu ndani, anakohoa, akauliza, akaacha nafasi, akaitikia jibu ambalo hakuna aliyempa. Na sasa jibu linatoka, miezi baadaye, na linatosha. Nyakio hakuwahi kuyasikia maneno haya. Hakuwa na cha kukumbuka.

Waithera alinyoosha mkono azime, na mkono ukakataa.

Kamande akakohoa, akaomba radhi kwa Natalie na Wasike. Filamu iliendelea kidogo bila yeye. Kisha akauliza, polepole, si kwa sauti ya kazi:

"Na mami yako, amekula?"

Kimya. Nyakio hakujibu. Kwenye kioo Wasike alikuwa anabeba kuni. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote, na ndani yake Waithera alisikia pumzi ya mumewe ikiingia na kutoka, ikingoja.

"Hujui?" Kamande akasema. "Basi muulize."

Mtoto akageuka. Alimtazama mama yake kwa muda, kama mtu anayemtafuta ndani ya umati.

"Mami," akasema, "umekula?"

Tangu msiba Waithera alikuwa amepika, amepakua, amesukuma sahani. Ama kula, waulize majirani jinsi nguo zilivyokuwa zikimpwaya. Hakuna aliyemwuliza, naye hakumwambia mtu.

"Bado," akasema, na machozi yakamwagika bila aibu. "Bado, mami wangu. Sijakula."

Walingoja wote wawili. Kamande hakusema kitu. Filamu ikaendelea, na yeye hakusema kitu, kwa sababu hapo ndipo alipokomea kurekodi. Wazungu walifungua midomo na kufunga. Theluji ilianguka juu ya watu wasio na majina wala sababu, na Nyakio akasogea karibu na kioo, uso umeanza kukunjamana, akingoja sauti ambayo haingekuja.

Waithera hakuwahi kusimulia filamu maishani mwake. Alipangusa pua kwa mkono wa sweta, akamwinua mtoto akamweka mapajani.

"Haya," akasema. "Huyu Natalie ameona Wasike ameingia. Unafikiri atamwambia nini?"

Kisha akanyamaza, akaacha nafasi.