Ng'ombe wa Amondi Aliyewekwa Sigor

Ni nani aliyekuuza mara ya mwisho, na ulimfanya nini? Usijibu haraka. Mimi nimemwona mtu akiuzwa hapa Litein, mchana kweupe, na waliokuwa karibu wakaendelea kunywa chai.

Jina lake ni Amondi. Babake, mzee Opondo, alitoka upande wa ziwa akawa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Amondi akazaliwa huku, akacheza na watoto wa Kikipsigis hadi lugha yao ikamkaa mdomoni kuliko ya mamake. Alisomea kompyuta Kisumu, kisha akarudi. Katika redio yetu ndogo ya jamii, ambako mimi husoma habari, yeye ndiye aliyetunza seva, na ndani ya seva hiyo mlikuwa na sauti za wazee: wachuma chai wa zamani, wakunga, waimbaji wa harusi. Wengi wao wameshazikwa. Sauti hizo hazikuwa mahali pengine popote duniani, na jambo hilo lilimnyima raha.

"Radi ikipiga hapa," aliniambia, "tutakuwa tumewazika mara ya pili."

Alikuwa na mpango. Kila jioni seva ingepiga picha ya hali yake, yaani ingeweka kumbukumbu ya jinsi kila faili lilivyokuwa wakati huo. Kisha ingetuma kwenye mashine ya pili, mbali, yale tu yaliyobadilika tangu picha iliyotangulia, ili intaneti yetu dhaifu iweze kuyabeba. Picha za zamani zingebaki kule. Mtu akifuta kitu hapa kwa bahati mbaya, kule bado kipo. Mashine hiyo ingekaa Sigor kwa Kipkosgei, mpiga video za harusi, shemeji yake meneja wetu Kimeli.

Wazee wa bodi ya redio hawakuelewa alipowaeleza. Mmoja alinung'unika kwamba kupanga hasara ni kuiita. Amondi akawageukia kwa Kikipsigis chake kisicho na doa.

"Wazee, nyinyi ng'ombe wenu mlikuwa mnaweka wote boma moja?"

Wakaangua kicheko. Zamani Mkipsigis mwenye mifugo aliwapeleka baadhi kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa au wezi wakija wasimmalize. Desturi hiyo huitwa kimanagan. Rafiki hutunza, na kwa kazi yake hunywa maziwa, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe.

"Basi mimi nataka kuweka ng'ombe Sigor."

"Huyu ni msichana wetu kabisa!" mwenyekiti akapaza sauti.

Kimeli akasimama, akamshika Amondi mkono mbele ya wote. "Dada, hiyo ng'ombe nitailinda mimi mwenyewe."

Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Niliamini kwamba vijana tukileta elimu na wazee wakileta desturi, hakuna kitakachotushinda.

Kwa miezi kadhaa, kila asubuhi Sigor ilitujulisha kwamba picha imefika. Halafu ikanyamaza. Amondi akaomba pikipiki ya ofisi aende kuangalia.

"Ya nini? Hiyo ni network tu," Kimeli akamjibu akicheka. "Juzi nimepita kwa shemeji. Ng'ombe yako imenona mpaka inashindwa kutembea!"

"Mkubwa, nataka kuiona na macho yangu."

"Aa, Amondi! Sasa unaniita mwongo?"

Aliomba tena, na tena. Alipewa kicheko kile kile.

Mvua za masika zilipoanza, radi ilipiga mlingoti wetu; matangazo hayakukatika, lakini diski zote za seva ziliungua. Siku hiyo hatukuomba ruhusa. Tulipanda pikipiki mimi na yeye hadi Sigor. Kipkosgei alitupokea kwa furaha na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa. Mashine ilikuwa inawaka, imepanguswa vumbi vizuri. Amondi akaifungua. Ndani kulikuwa na harusi tu: maharusi wa Longisa, wa Bomet, wa Sotik, keki na miavuli. Picha zetu zilikuwa zimefutwa, na harusi zikaandikwa mahali pake.

"Bwana, ni wewe ulifuta?" nikamuuliza.

"Ilikuwa imejaa, kijana. Kimeli alinipatia nywila, akasema nafasi yote ni maziwa yangu. Si ndiyo desturi?"

"Maziwa ni yako," Amondi akasema polepole. "Lakini wewe umechinja."

Kipkosgei akatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Kwani hakuwaambia? Alikuwa amesimama hapo hapo nikifuta! Alisema hizo ni kelele za wazee, nani atauliza."

Kipkosgei alikosea. Kimeli alijua. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sitakubali mtu yeyote ayachanganye.

Alasiri hiyo bodi ilikutana. "Mimi si mtu wa kompyuta," Kimeli akasema, mikono wazi. "Hadithi ya ng'ombe ililetwa na Amondi." Nilisimama nikaeleza tuliyoyasikia Sigor. Wazee wakatazama ndani ya vikombe vyao. Mwenyekiti, yule yule wa "msichana wetu", akakohoa.

"Hawa watu wa ziwa wanajua kuongea," akasema.

Amondi hakulia. Alimtazama mwenyekiti kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

Kesho yake asubuhi Kimeli mwenyewe aliingia studio na kuketi kwenye maikrofoni. Hakuvaa vipokea sauti masikioni. Hapendi kuharibu nywele. Amondi alikuwa upande wa pili wa kioo, kwenye mitambo, nami kando yake na karatasi za habari.

"Wasikilizaji wapendwa," Kimeli akaanza, "mmesikia uvumi. Sauti za wazee wetu ziko salama..."

Amondi akaishusha sauti ya Kimeli mpaka isisikike hewani. Akafungua maikrofoni ya kwake, akasema kwa Kikipsigis kwamba sauti za wazee zimepotea zote, akataja aliyezifuta na aliyemruhusu, na akawaomba radhi jamaa za wazee hao. Nyuma ya kioo Kimeli aliendelea kuzungumza, akitabasamu, akipunga mkono.