Farasi Niliyemtoa kama Ng'ombe

Mwenye kiwanja alinipa mpaka Jumamosi. Siku hiyo ikimkuta farasi bado nyuma ya gereji yangu mtaani Jabe, angekuja mtu wa nyama. Aliyasema hayo huku anachokonoa meno.

Farasi huyo jike nilimtoa Kibenga, kwenye nyumba ya watu wa nchi za nje waliohama wakamwacha amefungwa kamba, mbavu zimetokeza. Alizoea kubeba mtu mgongoni, ukimkaribia na hatamu, anainamisha kichwa mwenyewe avishwe. Nilimlisha pumba na majani ya kununua, naye akawa anapangusa pua kwenye ovaroli yangu yenye oili. Nilimpenda, nisidanganye.

Nikazunguka mji mzima kumtafutia pa kuishi. Mmoja alitaka avute mkokoteni wa mawe. Mwingine aliuliza kama anakamuliwa, nikamwambia akamkamue mama mkwe wake. Ijumaa asubuhi, sina mbele wala nyuma, nilipanda mlimani Gihosha kwa mstaafu mmoja wa serikali mwenye ng'ombe watano na majani tele.

"Muzee, umuchukue. Nakupa bure."

"Bure apana, fundi. Naipokea kama ng'ombe. Ikizala, mutoto wa kwanza ni wako."

Ndiyo desturi yetu: ukipewa ng'ombe, unarudisha ndama. Bila hivyo angejiona ombaomba. Kisha akanitazama usoni.

"Lakini itazala?"

Farasi wangu alikuwa ameshazeeka, na dume sikumjua hata mmoja mjini humu. Mfa maji hukamata maji.

"Iko na mimba tayari, muzee," nikasema.

Jioni hiyo hiyo mzee alikuja mwenyewe kumchukua farasi. Nilijificha chini ya gari la mteja nisimwone akiondoka, nikalia huko kama mjinga.

Nilipokwenda kumsalimia farasi baada ya miezi kadhaa, nilikuta amejengewa kibanda cha mabati. Chumvi anapewa yeye kwanza, ng'ombe baadaye. Alikuwa amenenepa. Mzee alinishika mkono akaukandamiza tumboni mwa farasi.

"Sikia, fundi! Inacheza!"

Mimi nilisikia tumbo lililoshiba majani tu.

"Ndiyo, muzee. Nimesikia."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Kila nikijiandaa kwenda kusema kweli, namkumbuka yule mtu wa nyama, nashika spana tena. Siku zitatimia, na mtoto hatakuwepo. Mimi mzee anichukie tu, nimestahili. Ninaogopa atamchukia farasi.