Nilimwandikia msimamizi nikasubiri, kama sheria inavyosema

Leo nimeogopa jina langu mwenyewe.

Mnaijua ile programu ya bure ya kibodi ya kuandikia lugha ya Dhopadhola kwenye kompyuta? Msimamizi wake ni Owori wa Tororo. Mimi niko Busia. Tumesaidiana mtandaoni miaka mingi na hatujawahi kuonana.

Majuzi kibodi iliharibika. Sisi wa kujitolea tuna sheria: kazi ya mwenzako huigusi kabla ya kumwandikia. Akinyamaza, unaweka marekebisho kwenye foleni ya mtandaoni, yanakaa kwanza ili apate nafasi ya kukataa, halafu yanapita.

Nikaandika. Kimya.

Nikaandika tena, safari hii kwa ukali kidogo. Kimya.

Nikasema huyu ana dharau. Nikaweka kwenye foleni.

Leo nilikuwa na shughuli Tororo, nikaona nimpitie, tuyamalize uso kwa uso.

Nilikuta turubai uani, na kaburi ambalo udongo wake bado mbichi.

"Karibu, ndugu," mke wake akaniambia. "Mlijuana wapi?"

"Kazini, shemeji. Pole sana."

Hapo simu ya marehemu ikalia mkononi mwake. Akanipa nimsomee.

Ilikuwa taarifa ya foleni ya kumkumbusha Owori, na jina langu chini: "Nimebadilisha kazi yako. Kama una pingamizi, jibu." Nikamsomea yote, hata jina.

"Huyu mtu alimwandikia Owori mara mbili akiwa hospitali," akasema. "Sasa mimi nimjibu nini?"

Sikumwambia ni mimi.

Niko stendi ya Tororo. Nyinyi mngemwambia nini?