Punje Mbili za Maharage

Nilipokuwa mtoto kule Busunzu, niliamini kabisa kwamba uongo hukaa tumboni. Si uongo wowote, maana ule wa kawaida niliusema kila siku na nikalala fofofo. Ni ule wa kumficha mtu mliyenywana naye. Huo, alisema Bibi, hukuvimbisha tumbo kidogo kidogo mpaka ukuue.

Kunywana ni kuchanjiana. Watu wawili wasiozaliwa pamoja wanajichanja juu kidogo ya kitovu, kila mmoja anapaka damu yake kwenye punje ya kahawa, mwenzake anaitafuna, na tangu hapo wao ni ndugu. Bibi alitusimulia hayo mimi na Esperansi tukimsaidia kupura maharage, asijue anatupa kazi. Kama alisema kwamba hayo ni mambo ya wanaume wazima, sisi hatukusikia. Kesho yake tuliiba wembe wa baba tukajificha nyuma ya migomba, na kwa kuwa kahawa ilikuwa imefungiwa ndani, tukatumia punje mbili za maharage. Esperansi hakutikisika. Mimi nililia kabla wembe haujanigusa.

Esperansi alikuwa Mrundi. Alifika kwetu mwaka ule na mama yake, mjamzito, wakapewa chumba cha nyuma wakisubiri kupelekwa kambi ya wakimbizi. Kirundi chao na Kiha chetu vinaelewana, kwa hiyo siku ya pili tulikuwa tumeshagombana na kupatana. Mama yake alikuwa ametangulia kuvuka mpaka. Esperansi alikuja nyuma na majirani, akamkuta upande wetu, akasema baba amerudi kuchukua baiskeli, atafuata. Basi kila tukitoka shule tulipanda kichuguu kilichokuwa kando ya barabara kumwangalia. Tulishapanga atakavyotupakia: mmoja mbele, mmoja kwenye keria. Tuligombania keria.

Alasiri moja akapita mtu wa kwao, akamwita mama yangu pembeni. Mimi nilikuwa nimejikunyata chini ya kichanja cha vyombo nikikwepa kwenda kuchota maji, na nikasikia yote. Baba Esperansi hakuufikia mto Malagarasi, mpakani. Aliuawa njiani.

Yule mtu alipoondoka mama aliona miguu yangu. Akanivuta sikio.

"Umesikia?"

"Ego, mama."

"Hujasikia. Mama Esperansi yuko mwezi wa kujifungua. Habari hii ikimfikia leo, tutamzika yeye na mtoto. Nitamwambia mwenyewe akishajifungua."

"Na Esperansi?"

"Mwache acheze. Ukimwambia mtoto, umemwambia mama."

Tangu saa ile sikujua raha. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Darasani mwalimu aliniuliza kama nimekalia siafu. Kwenye kichuguu Esperansi aliuliza, "Leo atakuja?" nami nikajibu, "Labda leo," huku nikitazama upande mwingine. Usiku nilijipapasa tumbo. Siku ya tatu likaanza kuuma. Siku ya tano sketi ya shule ikakataa kufunga.

Lilivimba kweli. Hili silisimulii kwa mfano.

Hesabu yangu ilikuwa fupi: nikisema, atakufa mama Esperansi, nikinyamaza, nitakufa mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Msinisifu kwamba nilinyamaza. Asubuhi niliamua kufa, mchana nikaamua kusema, jioni nikarudi kwenye kufa, hivyo hivyo, mpaka nikashindwa kuinuka mkekani. Niliogopa sana. Nilikuwa nikiwasikia kuku uani na kuwaonea wivu.

Mchana wa Jumamosi Esperansi aliniletea kikombe cha mubilizi, yale majani machungu ambayo Bibi aliyachemsha kwa kila ugonjwa. Akalitazama tumbo langu muda mrefu.

"Umenificha kitu."

"Oya," nikakataa.

"Devota."

"Oya! Ni mapera. Nimekula mapera mabichi." Nikaanza kulia, na kilio chenyewe kikanisaliti.

Akaweka kikombe chini. Akachungulia nje, mama yake alikuwa akimenya mihogo na kuimba wimbo wa kanisani. Akarudi, akapiga magoti karibu yangu, akapandisha blauzi. Tumbo lake lilikuwa bapa, na kale kaalama ketu juu ya kitovu.

"Angalia. Mimi nimekuficha tangu siku tuliyonywana, na halijavimba. Kwa hiyo hutakufa."

"Umenificha nini?"

"Hakuna baiskeli." Akashusha blauzi. "Nilikuwa na baba. Niliona. Mama hajui, nilimdanganya."

Nikamshika pindo la blauzi.

"Kwako tu ndiko baba alikokuwa bado anakuja," akasema. Kisha akanisogezea kikombe. "Kunywa dawa."

Kesho yake minyoo ilitoka. Bibi alifurahi sana na dawa yake, akamhadithia kila aliyepita njiani mpaka nikatamani afadhali ningekufa. Tumbo likarudi mahali pake. Wiki hiyo hiyo mama Esperansi akajifungua mtoto wa kiume, na baada ya siku kadhaa mama yangu akaingia chumba cha nyuma akafunga mlango. Kilio kilipopanda, Esperansi alilia pamoja na mama yake kama mtu aliyesikia kwa mara ya kwanza. Wanawake wakamkumbatia, maskini, hajui kitu. Nilisimama mlangoni nikiwa mtu pekee aliyejua. Kichuguu hatukukipanda tena. Mwezi uliofuata lori liliwachukua kwenda kambini, na sijamwona tangu siku hiyo.

Sasa naishi Kasulu na nina binti wa umri ule ule. Akiniuliza kovu la nini, namwambia niliangukia kisu cha mihogo. Bado huwa najipapasa tumbo baada ya kusema hivyo.

Kwa miaka mingi nilijivunia kisa hiki, nikijiona mtoto aliyejua kutunza siri na kumwachia mwenzake utoto wake siku chache zaidi. Upuuzi. Utoto uliokuwa ukitunzwa pale ulikuwa wangu. Esperansi alikuja na mzigo wake kutoka ng'ambo, akaona juu ya kichuguu kuna mjinga mmoja anayegombania keria, akapumzika hapo. Halafu mjinga akaogopa kufa. Siku ile mkekani mimi nilipona. Yeye alimzika baba yake, ili tu niache kulia.