Umri wa Mama Mkubwa Niliounakili Kwenye Kadi

Nimekosa, ndugu zangu. Jina langu niachieni, maana hapa Bunia ukisema tu mtafiti wa uzee, watu wananijua.

Mimi ninachunguza jinsi seli za mwili zinavyozeeka. Ndani ya kila seli mna nyuzi ambazo ncha zake hufupika kadiri miaka inavyokwenda. Nilitaka kujua kama vita vinazeesha watu haraka, basi nikachukua damu ya wazee waliokimbia Djugu, wanaoishi kambini hapa mjini. Umri wao niliunakili kutoka kwenye kadi za kambi. Sikumuuliza hata mmoja!

Matokeo yalinishangaza. Ncha za wazee wale zilikuwa ndefu kupita umri wao. Nikaandika kwamba watu wetu, pamoja na mateso yote, wanazeeka polepole. Makala ikapendwa mno! Sisi watafiti tunapimwa kwa nukuu, yaani wangapi wametaja kazi yako katika kazi zao, na zangu zilikuwa zikiingia kila wiki. Nikapandishwa cheo, nikawa natembea kifua mbele.

Mmoja wa wazee wale alikuwa mama yangu mkubwa, dada ya mama, aliyenilea mama alipofariki. Nilimsihi ahamie kwangu akakataa, akisema hawezi kuwaacha majirani zake wa kijijini. Siku moja nilienda na makala yangu nimsomee. Alisikiliza mpaka nilipotaja umri. Hapo akafungua kitambaa chake, akanipa kadi ya ubatizo aliyokimbia nayo. Kadi ya kambi ilimpa miaka themanini na mmoja. Kwa ile ya ubatizo, hata sabini alikuwa hajafika, nami sikuwahi kumuuliza mwaka aliozaliwa.

"Siye wote tuliongeza," akaniambia. "Wenye walikuwa wanaandika walisema wazee ndio watapata unga mbele ya wote. Njaa ilikuwa mingi, mutoto yangu."

Kumbe ncha zilionekana ndefu kwa sababu umri wenyewe ulikuwa umeongezwa. Seli zao hazikuwa changa hata kidogo. Pengine zilikuwa zimechakaa kuliko za wenzao, nami nimeutangazia ulimwengu kuwa ni nzima!

"Andika tena," akasema. "Sema tulidanganya. Haya ya kudanganya itakuwa ya siye, haiko ya weye."

Nikamwambia angoje kwanza. Hakuuliza mpaka lini, kwa sababu aliniamini. Mimi nilikuwa nawaza cheo changu, na mkutano wa ng'ambo niliokuwa nimealikwa kuzungumza.

Mwaka uliofuata wagawaji wa chakula waliondoa fungu la wazee. Barua yao ilibandikwa kambini, na kati ya sababu walizotoa ilikuwamo makala yangu: utafiti unaonyesha miili ya wazee hawa ni imara. Niliisoma nikiwa nimesimama katikati ya watu, nikajifanya nasoma kitu kingine. Ole wangu!

Nilimpelekea mama mkubwa unga. Akawagawia majirani, ukaisha kwa siku mbili. Sikurudi upesi, kwa aibu. Wiki hiyo yeye na wanawake wawili walienda kuchimba mihogo katika mashamba yao ya zamani kule Djugu, mbele kidogo ya mji wa Iga Barrière, ambako vita vilikuwa havijaisha. Wawili ndio waliorudi. Walinieleza kwamba risasi zilipolia kila mtu alikimbia, lakini yeye magoti yalimkatalia. Magoti ya mtu niliyeandika kwamba hazeeki!

Mpaka leo hatujamzika, maana mwili wake haukupatikana. Katika jedwali langu bado yupo, mshiriki wa kumi na saba, na umri wake ni ule ule. Kila nukuu mpya inapoingia, nahisi kuna mtu mwingine anamhesabu kati ya walio hai. Nikiwa darasani wanafunzi wananiuliza kuhusu wale wazee, nami naiona sura yake akifungua kile kitambaa. Nasahau nilikuwa nasema nini.

Ninyi mnaoanza utafiti, nawaomba. Umri wa mtu aliyekimbia vita msiunakili kwenye kadi. Kaeni naye, awahesabie polepole: alibatizwa lini, mtoto wake wa kwanza alizaliwa lini. Na siku mtakayojua mmekosea, semeni siku hiyo hiyo, hata kama dunia nzima inawataja.

Wiki iliyopita ndipo nilipowaandikia wenye jarida kwamba umri ule haukuwa wa kweli na waiondoe makala. Ilikuwa mistari minne. Niliimaliza kabla chai haijapoa.