Dume Lisiloswagwa

Nilimwona Mama Scolastica kwa mara ya kwanza kwenye mashine ya kusaga ngano ya Basotu, amekalia gunia la pumba kama mtu anayelinda kiti chake. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya. Mashamba makubwa ya ngano yalikuwa yamegawanyika mikononi mwa watu binafsi, na pumba ziliuzwa kwa yeyote. Mwanamume mmoja kwenye foleni akamwuliza, "Mama, unafuga nguruwe?"

"Nafuga madume ya ng'ombe. Wewe nguruwe wako umemwachia nani?"

Watu waliangua kicheko. Mimi nina bucha, lakini hata bei huitaja nikiangalia chini. Nilimwamkia shikamoo, nikambebea gunia hadi kwenye trekta.

Alikuwa mjane, mzaliwa wa Dongobesh, huko juu ambako ardhi ni finyu na ng'ombe hulala nyumba moja na watu, wakikatiwa majani. Aliolewa Dirma, kwenye mbuga, ambako ng'ombe hutafuta chakula kwa miguu yake. Baada ya mumewe kufariki, aliuza alizeti yake, akanunua mnadani madume manne yaliyokonda mpaka mbavu zinaonekana. Akayafungia zizini.

Mbuga nzima ilimcheka. Dume lisilotembea, walisema, ni gonjwa au ni la wizi. Yeye alikata majani, akachanganya na mabua ya maharage, pumba na mashudu ya alizeti, akaweka magadi ya kulamba. Pumba alizianzisha kidogo kidogo, maana tumbo la ng'ombe lisilozizoea huvimba na kumwua.

Shemeji yake Sulle, mdogo wa marehemu, hakucheka. Alikuja na fimbo begani.

"Shemeji, katika ukoo wetu ng'ombe wa mjane hugawiwa ndugu wamchungie. Nimekuja kuyaswaga."

"Ng'ombe wa marehemu umeshawachukua. Haya nimeyanunua mimi."

"Mwanamke hana zizi."

"Basi hilo unaloliegemea ni nini?"

Kesi ilifika kwa Mzee Nicodemo, mkubwa wa ukoo. Aliamua hivi: Sulle achague dume moja alichunge kiangazi chote, na Scolastica abaki na mengine. Kiangazi kikiisha, lichinjwe moja la kila upande, wazee wale nyama. Ya Sulle ikishinda, madume yote yafuate fimbo yake. Mimi niliitwa niwe mchinjaji.

Sulle alichagua lililokuwa refu kuliko yote, akalipeleka malisho ya Basotu. Siku ilipokaribia, alituma neno kwamba karamu iwe huko huko Basotu, na shemeji alete dume lake. Nilimpelekea ujumbe huo mimi.

"Dume langu halitembei," alisema. "Watembee wazee."

Niliogopa kurudi na jibu kama hilo, lakini nililifikisha. Wazee walikunja uso. Nicodemo alicheka mpaka akakohoa. "Mwacheni. Miguu yangu bado haijauzwa."

Basi Sulle akaliswaga dume lake kutoka Basotu mpaka Dirma kwenye jua kali, akilichapa na kuliimbia, ili kila boma lione ng'ombe wa kweli anavyotembea. Lilifika ulimi nje. Nilimwomba alipumzishe mpaka kesho, maana ng'ombe akichinjwa amechoka nyama huharibika.

"Ng'ombe wa mbuga hachoki, bwana bucha. Chinja."

Nilichinja. Nyama yake ilikuwa nyeusi, inanata kisuni, mafuta kwenye figo ni kama utando. La Scolastica lilikuwa limelala kivulini likicheua. Nilipolipasua, figo hazikuonekana kwa mafuta meupe, na nyama ilikuwa nyekundu ya kung'aa.

Wakachoma. Nicodemo alitafuna kipande cha Sulle muda mrefu, akakitoa mdomoni, akakiangalia. "Hiki ni mshipi au ni chakula?" Alipokula cha Scolastica, alinyoosha mkono aongezewe.

"Dume langu lilichoka tu!" Sulle alipiga kelele.

"Nilisema watembee wazee," Scolastica akajibu. "Na kabla ya kuchoka, lilikula nini kiangazi chote? Vumbi."

Nicodemo alifuta mikono. "Yaliyobaki ni yake. Asiyaguse mtu."

Sulle akauliza kwa sauti ndogo kama angeweza kufundishwa.

"Njoo asubuhi na panga," shemeji yake akamwambia. "Ukate majani kama mimi."

Alikuja.

Nilinunua madume kwa Mama Scolastica miaka mingi, na watu wa Basotu walizoea kuuliza kama nyama ni ya zizi. Mara ya mwisho nilimkuta amekaa kwenye lango la zizi, amedhoofu sana kwa ugonjwa uliomchukua kabla ya masika. Kwa mazoea nilikuwa nimeshika fimbo. Aliinyooshea kidole.

"Iache nje hiyo. Humu ndani hakuna anayeswagwa."