Kope la Ng'ombe na Kope la Mtoto

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya utoto wangu ambayo hainitoki kichwani. Nilikuwa darasa la sita hapa Kasokola, miaka ya tisini, na mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo za mchakamchaka. Usinicheke! Ukiniona na mwili huu utabisha, lakini nilikuwa nakimbia pembeni ya mstari, naanzisha, shule nzima inaitikia, vumbi juu, raha tupu.

Asubuhi hiyo nikafika katikati ya wimbo, sauti ikakata. Moyo unadunda, macho yanaona giza, nikakaa chini barabarani. Wenzangu wakanipita wanacheka. Haikuwa mara ya kwanza. Mwalimu wa michezo akanisogelea, akasema bila ukali, "Kabula, mwisho wa muhula ni siku ya wazazi. Kama hali ndiyo hii, nyimbo nitampa mwingine." Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia.

Nyumbani nako huruma hakuna. Sisi ni Wasukuma, tulihamia huku na ng'ombe, na baba yangu aliamini kabisa kwamba mtoto aliyekulia kwenye maziwa hawezi kuishiwa damu. Asubuhi chai ya maziwa, mchana ugali kwa maziwa ya mgando, jioni hivyo hivyo. Ng'ombe tele zizini, lakini nyama tulikuwa tunaiona kwenye harusi na msiba. Na hata akichinjwa mbuzi, kwetu maini yalikuwa ya wazee wa kiume, mtoto wa kike ananusa moshi tu. Mboga za majani baba aliziita chakula cha ndama. Mimi nami kimya kimya nilikuwa nabandua udongo wa ukuta wa jikoni, natafuna. Mtamu huo, we acha! Nilipomwambia baba kwamba nachoka, akasema, "Uvivu huo. Kachote maji."

Aliyeniokoa ni bibi, mama yake baba. Huku kwetu ndorobo, wale mbung'o, ni wengi, na ugonjwa wanaouleta unamaliza ng'ombe damu, na baba alikuwa akiwakagua kila wakirudi malishoni. Anashika kichwa, anavuta kope la chini, anatazama ndani. Pakiwa pekundu, anampiga mgongoni, pita. Pakiwa peupe, huyo hana damu, anatengwa apate dawa. Kwa kazi hiyo hakuna aliyemshinda. Jioni ile bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, akaniona nimetua ndoo nahema. Akaita, "Masanja! Ukimaliza hao, kagua na huyu."

Baba akacheka. "Mama, huyu siyo ndama."

"Ndiyo maana nakuambia! Ndama wa ng'ombe unawajua macho mmoja mmoja, wa kumzaa mwenyewe humjui." Akanivuta mkono mpaka mbele ya baba. "Vuta kope hilo, usinichoshe."

Baba akavuta. Mwanangu, nilimwona anaacha kucheka. Akavuta na la pili. Akaniambia nitoe ulimi, akautazama. "Mama, mtoto ni mweupe."

"Angekuwa ng'ombe ungeshamtibu siku nyingi," bibi akasema.

Kulipokucha akanipakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Muuguzi akanitoboa kidole, akapima, akasema damu imepungua sana, na choo kilipopimwa kikaonyesha safura, wale minyoo wanaoingilia kwenye nyayo za mtu anayetembea pekupeku. Akanipa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Kisha akamgeukia baba. Maziwa ni mazuri, alisema, yanajenga mifupa, ila damu hayaongezi. Mtoto anataka maharage, dagaa, maini, kisamvu, matembele.

"Matembele?" baba akauliza, uso ameukunja.

"Matembele, mzee wangu." Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Jumapili baba akachinja mbuzi. Wazee wakaja, wakakaa, wakasubiri maini yao. Baba akayatoa jikoni kwenye bakuli, akapita mbele yao wote, akaniwekea mimi mapajani. Mzee mmoja akakohoa. Bibi akamwambia, "Kohoa tu baba, kikohozi hakina dawa kwenye maini." Watu waliangua kicheko, na huyo mzee naye akacheka! Nikala mbele yao, aibu imenijaa, furaha nayo imenijaa.

Shuleni habari ilifika haraka, maana mdomo wangu haujui kufunga. Watoto wakaanza kuvutana kope kwenye mstari. Mwalimu alipotukuta, badala ya kutuchapa akaliingiza jambo hilo kwenye ukaguzi wa usafi: kucha, nywele, na kope. Waliotiliwa shaka walipelekwa zahanati, na hawakuwa wachache. Tukapanda matembele na mipapai nyuma ya madarasa. Mimi vidonge nikavimeza mpaka vikaisha, na hamu ya udongo ikakatika.

Siku ya wazazi mwalimu akaniuliza, "Utaweza?" Nikaanzisha wimbo. Nikazunguka uwanja mzima, nikarudi, pumzi ipo, sauti ipo. Baba alikuwa amesimama kati ya wazazi, kofia mkononi, machozi yanamtoka, anamwambia kila aliye karibu, "Yule wangu! Yule wangu!"

Basi nisikilize, mwanangu. Usikubali kuitwa mvivu wakati mwili wako unaomba msaada. Ukihema kwa kazi ndogo, ukiona kizunguzungu, ukitamani udongo au mchele mbichi, sema nyumbani na umwambie mwalimu, ukapimwe. Kope linakushtua tu, kipimo ndicho cha kuaminiwa. Vidonge meza kama ulivyoelekezwa. Vaa viatu. Kula maharage na mboga zako, na chungwa au pera juu yake, maana linausaidia mwili kuchukua kile kinachojenga damu. Chai usinywe pamoja na chakula, iache isubiri. Na nyie mtakaokuwa wazazi, watazameni watoto machoni kabla ya kutazama mali.

Mungu akupe damu nyekundu na pumzi ndefu, akukuze, akuzeeshe, na watoto wako wakushinde mbio. Haya, nawa mikono ukale.